Kidole cha Kupimia Pasi

Ijumaa, 28 Desemba 2007. Kianda, Kibera

Kura zinahesabiwa mpaka sasa, maduka nusu yamefungwa, na Mama Yasin amenigongea asubuhi mapema kuniuliza kama anaweza kula mandazi mawili. Mama Yasin ndiye mwenye nyumba wetu, Mnubi, mtu mwema kabisa. Lakini ana ugonjwa wa sukari, na tangu asikie kwamba nasoma mambo ya sukari chuoni, sina amani. Nimemweleza kwa mara ya mia: si sukari hiyo!

Leo nimejaribu tena, nikiwa na mswaki mdomoni. Nikamwambia kila neva mwilini imeota sukari kwa nje, kama vinyweleo. Na kuna protini ambazo kazi yao ni kuishika sukari hiyo. Zikiishika, neva inapata ujumbe – kua, simama, sogea, nyamaza. Mimi natafuta kwa nini neva ya mkono ikikatwa inaweza kuota tena, na ile ya mgongo haioti. Kuna protini moja kwenye ala ya neva inashika sukari na kusema simama hapo hapo. Nyingine inaita wasafishaji waje wazoe mabaki ya ala, ndipo neva ipate njia. Mama Yasin akasikiliza vizuri sana. Akauliza: basi moja na nusu?

Kaka yangu Muli amecheka mpaka akaegemea meza. Yeye ni rahisi kucheka. Ni fundi wa nguo Soko la Toi, kibanda kimoja na Jeconia – mashini mbili, pasi moja ya makaa. Leo ameleta kazi nyumbani, suruali za watu za Mwaka Mpya. Analamba kidole cha shahada, anagusa tumbo la pasi, tss, anajua. Hii ya sufu, hii bado, hii itaunguza. Nimemwambia siku moja kidole kitabaki hapo. Anasema kidole hicho ndicho mwalimu wake, hakijawahi kumdanganya.

Kuku wangu kumi na wawili wako chuoni. Nusu nimekata neva ya mguu nikaishona, nusu nimekata nikaiacha bila kushona. Nilipaswa kwenda kuwaangalia leo. Hakuna gari.

Jumapili, 30 Desemba

Wametangaza. Kabla sijaweka redio chini, kelele. Mabati yanapigwa kila mahali. Televisheni ya Mama Yasin haionyeshi kitu cha maana.

Muli amesimama mlangoni anaangalia upande wa Toi. Kuna moshi. Nimemwambia mashini ni chuma, haifi haraka. Amenitazama kana kwamba nimemtukana mama yetu. Ametoka mbio na sandali.

Ana wazimu. Simu yake ameiacha mezani.

Jumatatu, 31 Desemba

Yuko hai. Ana mkato kwenye kifundo cha mkono wa kulia, upande wa ndani.

Niandike kama alivyosimulia Jeconia, kwa sababu nimeshaona watu wanaanza kupika yao. Walikutana kibandani, moto ukiwa safu ya tatu. Wakavuta mashini ya Muli, ikanaswa. Muli akasukuma bati la ukuta kwa mkono mmoja ili apenye, bati likakatika ghafla, makali yake yakampita kifundoni. Basi. Hakuna panga, hakuna mtu. Jeconia alichana kitambaa cha suti ya mteja akamfunga kwa nguvu, akajitwika kichwa cha mashini begani, akamshika mkono ule juu njia yote. Walipita kwa vijana waliokuwa wanauliza watu majina. Jeconia akajibu kwa niaba ya wote wawili, kwa Kijaluo, akisema huyu ni shemeji yake.

Waliketi kliniki usiku kucha wakingoja zamu. Ngozi imeshonwa vizuri. Daktari alikuwa peke yake na watu wamejaa hadi uani. Nimemuuliza Muli daktari alisemaje. Amesema: alisema nitapona.

Jeconia ana damu ya kaka yangu kwenye shati lake lote na amekataa nilifue. Mashini ya Muli ameipeleka kwake, ya kwake mwenyewe imeungua. Sina maneno ya mtu kama huyo. Leo ni mkesha wa Mwaka Mpya na hakuna hata mkate.

Ijumaa, 4 Januari 2008

Sasa ni panga! Nimetoka kuchota maji, mama mmoja ananipa pole kwa ajili ya kaka yangu aliyekatwa panga. Nikasema ni bati. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemwelewa mwongo mwenye sababu.

Nimerudi ndani nikamwambia Muli. Anachezea bandeji.

Kitu kingine kinanikera zaidi. Alikuwa anakunywa chai na kikombe kikamponyoka. Nikamgusa kidole gumba, cha shahada na cha kati. Unaskia? Anasema ni ganzi tu, bandeji imekazwa. Nikailegeza. Ganzi ile ile. Kidole kidogo anaskia, hivi vitatu havisikii. Hiyo ni neva ya katikati, inapita pale pale bati lilipopita. Nimeichora kwenye karatasi nikamwonyesha. Akasema: wewe unajua kuku.

Jumatano, 9 Januari

Jana Mkamba mwenzetu amepewa umakamu wa rais. Na mimi ndiye ninayelipa! Juzi tulikuwa watu wa pembeni, hakuna aliyetuhesabu huku wala kule. Leo tumehesabiwa upande wa serikali, na dukani nimeambiwa unga umeisha, na unga nauona. Mwenye duka ni mtu niliyemsaidia binti yake hesabu za darasa la nane mwaka mzima.

Jioni Mama Yasin amekuja amefunga mtandio vizuri, kumaanisha ana jambo zito. Anasema vijana wamemuuliza ni vyumba gani vina Wakamba. Amewaambia nyumba yake ina wapangaji tu. Lakini anaogopa. Tuondoke kidogo, chumba atakitunza, godoro hataligusa mtu. Halafu akaona Muli anajaribu kufunga kifungo cha shati kwa mkono wa kushoto. Akamshika vile vidole vitatu akaviminya kwa kucha, kwa nguvu, mpaka nikashtuka mimi. Muli hakushtuka.

Mama Yasin akasema miguu yake iko hivyo, aliwahi kukanyaga kaa jikoni akajua kwa harufu. Akaniambia nimtibu haraka kwa kuwa mimi ndiye daktari wa sukari. Safari hii sikumsahihisha.

Jumamosi, 12 Januari. Kawangware

Tuko kwa shangazi Kalondu, karibu na stegi ya matatu inayoitwa 56. Ploti yenye vyumba viwili mbele, geti la bati, saluni upande mmoja na duka la misumari upande wa pili. Watu saba ndani. Natakiwa kushukuru, na nashukuru, ila najifunza kushukuru nikiwa nimekunja miguu.

Shangazi ameamua neva ya Muli imelala na inatakiwa kuamshwa. Kila jioni anachemsha mafuta ya kondoo na kuukanda mkono mpaka unang'aa. Muli anafumba macho kama anasikia raha. Haskii chochote! Mafuta yale yangeweza kumchubua. Nikamwambia shangazi neva haikulala, imekatika, ncha mbili zimeachana, na hakuna mafuta yanayoshona. Akasema yeye amezaa watoto watano na amewakanda wote.

Mwanawe mkubwa, Geoffrey, ndiye mbaya zaidi. Yeye na wenzake wanashinda getini na rungu. Wanalinda, wanasema. Jana amemleta rafiki yake amwone Muli, akamwonyesha bandeji kama mtu anavyoonyesha kombe. "Hawa majamaa walimkata akiokoa mashini," anasema, akimaanisha Wajaluo. Nikasubiri Muli aseme. Muli akasema tu, eeh, ilikuwa usiku mbaya.

Nilimfuata nyuma ya choo. Nikamuuliza kwa nini hasemi ni bati. Jeconia alimpitisha katikati ya watu wale, na leo Muli anaachia jina la mwenzake litupwe kwenye lile tope. Nimekasirika mpaka meno yananiuma.

Jumatatu, 21 Januari

Nimefika chuoni hatimaye. Heri nisingefika.

Kuku wangu wameliwa.

Mlinzi alikuwa amekwama pale tangu Desemba, hana mwenzake wa zamu, hana unga. Aliwalisha kwanza siku kadhaa – hilo nalikubali – halafu chakula cha kuku kikaisha, halafu chake. Amenieleza kwa heshima, kofia mkononi. Ameniambia alianza na wale wanaochechemea kwa sababu aliwaonea huruma. Wanaochechemea! Hao ndio wasioshonwa, hao ndio nusu ya utafiti wangu! Nimetaka kupiga mayowe nikaishia kumpa skonzi zangu.

Wale walioshonwa nao wamekwenda. Vipande vya neva za kuku wa kundi la kwanza, nilivyogandisha mwezi wa kumi na moja, vipo, stima haikukatika, ajabu. Nimeviweka chini ya darubini. Nilitoa protini kwenye maharagwe kama kawaida – maharagwe nayo yana protini inayoshika sukari, nikiitia rangi inaenda kukamata mahali sukari ilipo kwenye neva, na palepale panang'aa. Nimeangalia mpaka shingo ikakakamaa. Ile iliyoshonwa: safi, nyuzi zimepita. Ile isiyoshonwa: nyuzi zimechipua, zimechipua sana, lakini zinajizungusha papo hapo, fundo. Kama watu waliokuta barabara imefungwa kwa mawe, wanazunguka tu, kila mmoja na haraka yake.

Jioni nimemwambia Muli aweke mkono mezani. Nikagonga kovu kwa ncha ya kidole changu, polepole. Akaruka! Anasema kama stima, inatoka pale inaenda mpaka vidoleni. Shangazi akapiga vigelegele, mafuta yamefanya kazi. Nikasogea chini kidogo, kwenye kiganja, nikagonga. Hakuna. Nikarudi kwenye kovu. Stima. Ninajua ni nini. Neva inachipua na haipiti.

Katika kundi la wasioshonwa amebaki mmoja, na ndiye kaka yangu. Nimelia chooni, mlango umefungwa kwa kamba.

Jumatano, 30 Januari

Jana moto umewaka tena, Kibera haipitiki na hapa nje wamechoma matairi. Siku ya pili hatutoki.

Nimegonga tena. Bado pale pale.

Shangazi ameita watu wa kanisa leo kushukuru kwa ajili ya mkono uliopona. Kovu kwa kweli ni zuri, jembamba, hata rangi imerudi. Kila mmoja ameligusa. Mzee Nyamai ameomba kwa sauti kubwa, ametaja panga mara tatu. Wameleta ndizi na kuku mzima – kuku! – na Muli amekaa kwenye kiti cha wageni, mkono umewekwa juu ya mto.

Nikasema mbele ya wote, kwa adabu kabisa, kwamba mkono haujapona, ngozi ndiyo iliyopona. Kwamba kuna madaktari wanaoweza kuufungua na kushona neva, lakini kadiri tunavyochelewa ndivyo ncha zinavyozidi kujikunja na njia iliyo mbele inavyoziba. Shangazi akasema kwa upole kwamba kusoma sana kunamfanya mtu ashindwe kupokea baraka. Muli akasema hakatwi tena na mtu yeyote. Wakasema amina.

Kumpigia mbuzi gitaa! Na mbuzi angalau angetikisa masikio.

Alhamisi, 7 Februari

Ninaandika haraka kabla sijaanza kuisimulia vibaya.

Geoffrey alikuwa na mahojiano ya kazi, duka moja la mjini limefungua tena. Hana shati lililopigwa pasi. Muli akasema lete. Tangu tuje hapa hajashika kazi, na nikaona uso wake umebadilika, umekuwa wa fundi. Akawasha makaa mwenyewe, akapepea, akatingisha pasi, majivu yakadondoka. Akatandika blanketi juu ya meza. Mimi nilikuwa namenya viazi mlangoni. Nikafurahi, Mungu anisamehe. Nikadhani hii itamtia moyo.

Akalamba kidole. Akagusa pasi.

Sikusikia tss. Kisha nikaisikia, lakini haikuisha. Halafu harufu. Nikainua macho. Muli amesimama, kidole kiko kwenye pasi, kichwa ameinamisha upande kama mtu anayesikiliza redio yenye sauti ndogo. Hakuwa anajiumiza kwa makusudi. Alikuwa anapima! Nikamrukia nikauvuta mkono. Ngozi ikabaki pale.

Akaniangalia.

"Nilikuwa nangoja niskie," alisema.

Geoffrey amesimama na shati lake, mdomo wazi. Shangazi akaleta yai, akaleta dawa ya meno, akaleta kila kitu. Nikaweka kidole kwenye maji. Muli alikuwa akikitazama kama kidole cha mtu mwingine kilichosahaulika kwake. Hakulia kwa maumivu, hana maumivu. Alilia baadaye, alipoona ameshindwa kuokota kifungo sakafuni.

Ijumaa, 8 Februari

Sikulala na yeye hakulala. Alfajiri ameniita uani.

Kumbe daktari wa kliniki alimwambia! Usiku ule ule. Alimwambia ameshona ngozi kuzuia damu, lakini neva imekatika, barabara zikifunguka aende hospitali kubwa washone. Alimwambia mara mbili. Muli alijua siku zote. Nilitaka kumpiga na sufuria. Nikamuuliza kwa nini, kwa nini, na mimi nimepiga kelele wiki hizi zote kama kichaa sokoni.

Akasema ukiwa umefungwa, mkono ni mkono unaopona. Ukifunguliwa wakakuta umekufa, yeye si fundi tena, ni mtu tu. Na akasema pia kuhusu panga. Fundi aliyekatwa na bati la kibanda chake ni mjinga. Aliyekatwa na panga anawekewa mto. Alisema hivyo hivyo, bila kujitetea, akiangalia chini.

Mficha maradhi kifo humfichua. Nilikuwa nayo mdomoni, nikaimeza. Nikamwambia tu avae viatu.

Foleni hospitalini ilituweka tangu jua kuchomoza hadi kutua. Daktari wa mikono amegonga kovu, akagonga kiganja, akasema yale yale niliyosema, na Muli akamwitikia kwa kichwa kwa heshima kana kwamba anayasikia kwa mara ya kwanza. Nimenyamaza. Najipongeza kwa hilo.

Alhamisi, 14 Februari

Wamemfanyia upasuaji. Ncha zilikuwa zimeachana na ile ya juu imefanya fundo, kama nilivyoona kwa kuku. Wamekata fundo wakafika penye neva safi, wakakunja kifundo ili ncha zikutane, wakashona kwa uzi ambao daktari anasema huuoni bila darubini. Muli amependa hiyo. Ameuliza namba ya uzi.

Sasa yuko kwenye plasta, kifundo kimekunjwa kwa ndani, vidole vinachungulia. Daktari hakumpa ahadi. Itaota polepole, miezi. Huenda vidole vitarudi na hisia butu, huenda moto na baridi vitarudi na mguso usirudi, huenda visirudi. Muli akaniuliza mimi. Yaani sasa ndipo ananiuliza!

Nikamwambia ninachokijua, ambacho ni kidogo. Kwamba upande wa mbele ala ya zamani inabomolewa, na ndani yake kuna ile protini inayoshika sukari ya neva na kusema simama. Ikibaki, neva inasimama. Kwa hiyo lazima kwanza uzolewe ule mzigo wote, na kuna protini nyingine, nayo ya kushika sukari, inayowaita wasafishaji. Hii ya mkononi ina bahati, wasafishaji wake ni wepesi. Ya mgongoni wangekuja kwa kuchelewa, au wasije.

Akauliza kwa nini mwili uweke kitu cha kusema simama. Nikasema siku za kawaida kinafaa, kila neva ibaki mahali pake isiende kuota kwa jirani. Shida ni siku ya ajali, hakijui kwamba mambo yamebadilika.

Shangazi alikuwa mlangoni na uji. Akasema huyo ni kama Geoffrey. Nimecheka kwa mara ya kwanza mwaka huu.

Jumapili, 24 Februari

Geoffrey hakupata kazi ile, pasi ile ilimwachia alama ya kidole kwenye shati. Amerudi getini. Nimemwambia wazi kwamba ni bati. Anasema Muli mwenyewe hajasema.

Ni kweli. Hajasema. Mkono ameukubali kufunguliwa, mdomo bado. Anasema atasema. Lini? Kila siku anasubiri watu wawe wachache, na ploti hii haijawahi kuwa na watu wachache.

Alhamisi, 28 Februari

Wametia sahihi mapatano! Redio ya saluni imefunguliwa mpaka mwisho. Viongozi wameshikana mikono mbele ya kamera na watu huku nje wanapiga honi. Shangazi amelia. Mimi nimehisi uchovu tu, kama mtu aliyebeba ndoo mbali akaambiwa aiweke chini popote.

Muli aliuangalia ule mkono wa kwenye televisheni, akaangalia wake. Akaazima simu yangu akatoka nje.

Ijumaa, 29 Februari

Amempigia Jeconia! Alimwambia njia imefunguka, aje. Hakuniambia mimi, hakumwambia shangazi, hakumwambia mtu. Anamkaribisha Mjaluo kwenye geti la Geoffrey bila kumwambia Geoffrey! Ningejua ningekwenda kumpokea stegini.

Niko dirishani, naandika nikiwa nimesimama, daftari juu ya sufuria iliyofunikwa. Jeconia amefika. Amekonda. Amebeba gunia begani, na umbo lile nalijua hata ndani ya gunia, ni kichwa cha mashini ya Muli. Amekuja nayo kutoka Kianda, mchana kweupe, peke yake. Anasema Mama Yasin anatusalimia na anauliza kuhusu maembe.

Vijana wamefunga geti nyuma yake. Watano. Geoffrey ana rungu. Amemuuliza jina, na Jeconia amelitaja lote, mpaka la baba yake. Sasa Geoffrey amegeuka kumtazama Muli aliyesimama barazani na plasta yake.

"Ni hawa walikukata?"

Shangazi ameacha kukaanga. Saluni wamezima redio. Hakuna watu wachache hapa, ploti nzima imetoka.

Muli ameshuka ngazi. Ana kandambili moja tu, nyingine imebaki juu.

"Nilikatwa na bati," amesema. "Huyu ndiye alinifunga."

Amesema kwa sauti, kila mtu amesikia. Mtu fulani amecheka kidogo, kisha akaacha. Nilidhani nitafurahi. Naangalia rungu tu.

Jeconia ameweka gunia chini taratibu. Muli amenyoosha mkono, ule, wa kulia, wenye plasta, ambao tangu Mwaka Mpya hampi mtu. Jeconia anauangalia hajui aushike wapi. Ameshika vidole, vile vitatu, cha shahada bado kina kovu la pasi.

"Unaskia?"

"Bado," Muli amesema. "Lakini usiachilie."

Hajaachilia. Wamesimama hivyo katikati ya uwanja. Geoffrey yuko kati yao na geti, rungu bado liko mkononi, anaangalia vidole vile kana kwamba anasubiri vimwambie kitu. Chai imechemka. Sijui nitoe vikombe vingapi.